Kisima cha Rula

Mtu akikwambia anaijua nchi yote kama kiganja chake, mtazame viatu kwanza. Vya Rula havikuwahi kuisha soli. Viliisha visigino tu, kwa kukwaruzwa na kigoda kirefu cha chumba cha wachora ramani, miaka ishirini na miwili. Jina alipewa na wenzake kwa ile rula ya chuma iliyokaa kwenye mfuko wa shati hata akienda harusini. Mkono alikuwa nao, hilo tusimnyime: sisimizi angetembea juu ya mstari wake asiyumbe. Lakini na mdomo alikuwa nao. Akialikwa chakula kwa dada yake, huweka kijiko chini, akasema kule kwenye makorongo makavu, kusiko na njia wala kibao, yeye angepita amefungwa kitambaa machoni. Ukoo mzima ukaamini. Naye hajawahi kukipita kituo cha mwisho cha mafuta.

Ijumaa moja, saa ya chai, mpwa wake akaingia na karatasi ndefu kwapani. Muuguzi wa wodi ya watoto, binti wa dada yake, ambaye zamani alimbeba mgongoni.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Leo wagonjwa mmewaponya wote?”

“Niko likizo. Nimekuletea kazi.”

Akaitandaza karatasi mezani. Pembe moja akaikandamiza kwa chupa ya gundi, nyingine kwa simu yake, ya tatu kwa kikombe cha mjomba. Rula akakinyakua kikombe upesi; chai na ramani hazilali kitanda kimoja. Ndipo akaitambua karatasi. Makorongo. Kazi ya mkono wake mwenyewe.

“Tuko wanne, mimi na wenzangu wa wodini,” mpwa akasema. “Jumatatu alfajiri gari linatushusha lami inapoishia. Siku nne kwa miguu, tunatokea barabara ya malori ya chumvi. Hakuna alama, simu haishiki. Mama alikataa, nikamwambia ramani kaichora kaka yako, akanyamaza.”

“Akanyamaza,” Rula akarudia.

“Kila mtu lita kumi, za siku mbili. Siku ya pili jioni tunafika hapa.” Kidole kikatua juu ya kiduara cha buluu. “Tunajaza, tunalala, tunaendelea.”

Rula akakitazama kile kidole, kucha imekatwa fupi kama ya wauguzi wote.  Kisima kile hakikuchimbwa na mtu. Kilidondoka.

Miaka kumi na tisa iliyopita, ramani hii ikiwa imebaki siku moja kukamilika, kalamu ilimtemea tone la buluu katikati ya makorongo. Kosa la wino hukwanguliwa kwa wembe. Lakini pale alikuwa ameshakwangua mara mbili kwa makosa mengine, karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kurudia upya ni wiki tano. Na mkuu wao, aliyeitwa Lenzi kwa kioo chake cha kukuzia, alikuwa anapanda ngazi. Basi Rula akalizungushia tone ukingo mzuri. Kwenye ramani zao duara tupu ni maji ya msimu, duara lililojaa ni maji ya kudumu. Tone la wino haliwezi kuwa tupu. Likawa maji ya kudumu. Lenzi akainama na kioo chake, akasema, “Hii ndiyo kazi.” Sasa Lenzi yuko kaburini, kisima kimebaki.

“Bebeni lita ishirini,” Rula akasema.

“Lita ishirini ni kilo ishirini, Mjomba. Sisi si punda.”

“Kisima kinaweza kukauka.”

“Umeandika cha kudumu.”

“Kuna nyoka kule, wakubwa kama bomba la maji.”

“Umewaona?”

Kwenye meza ya mlangoni Mama Droo, mtunza makabati ya ramani, aliacha kutafuna andazi. “Amewaona wapi? Huyu, mjusi wa chooni tu alimfanya aite mlinzi.”

Mpwa akacheka. Rula hakucheka.  Akilini alimwona mtoto wa dada yake siku ya pili jioni, chupa tupu, anazunguka juu ya mawe yenye joto akitafuta duara la buluu, anawaambia wenzake subirini, mjomba hawezi kukosea.  Akanywa chai. 

“Hapo hapana maji.”

“Yamekauka lini?”

“Hayakuwahi kuwepo. Ni tone la wino. Nililizungushia ukingo. Na kule sijawahi kufika.”

Andazi la Mama Droo likabaki hewani. Mpwa aliitazama ramani, kisha akamtazama mjomba, kama anayesoma kipimajoto asichokiamini.

“Kutoka hapo kurudi ni siku mbili,” akasema polepole. “Bila maji, kwenye jua lile. Mjomba, unajua mtu anavyokwenda kwa kiu? Anaanza kuongea ovyo. Kisha anaacha kutoa jasho. Mimi nawapokea wa hivyo, tena wadogo.”

“Najua.”

“Hujui.” Akachukua penseli, akakata njia yote baada ya siku ya kwanza. “Tutaingia siku moja na kurudi. Mama utamwambia mwenyewe, na kijiko ukiweke chini kama kawaida.” Alipokuwa anaikunja karatasi mkono ukasita. “Nani mwingine anayo hii?”

 Miaka kumi na tisa Rula hakuwahi kujiuliza swali hilo.

Mama Droo alishafungua daftari la nakala. Kidole kikateremka. “Makorongo… ishirini na sita. Na hiki ni kitabu cha tatu. Viwili viko stoo.” Kidole kikasimama. “Wa mwisho kachukua Jumanne. Mwalimu. Sababu: matembezi na mke wangu.”

Namba ilikuwepo. Rula akapiga, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mpwa alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani Rula aliogopa kugeuka. Mara ya tatu mwanamke akapokea, nyuma yake kelele za duka.

“Tunanunua viatu vya safari,” akasema. “Tunaondoka kesho. Wewe nani?”

Siku nyingine angejibu, mimi ndiye ninayeijua nchi hii. “Mimi ni mchora ramani,” akasema. “Pale kwenye kisima nilidanganya. Msiende, mama. Tafadhali mwambie mwalimu, msiende.”

 Mwanamke akamwambia mtu pembeni, “Hebu vua hivyo viatu.”

Mama Droo akarudi kutoka stoo na vitabu viwili, vumbi likamfanya apige chafya. Hakuwa na utani tena. Rula akatoa rula mfukoni, akaiweka chini ya jina la mwalimu, akalikata kwa kalamu. Mstari ukapinda. Akaiteremsha kwenye jina lililofuata, la miezi miwili iliyopita, akaanza kupiga.