Nilimwonyesha Mama vile helmeti ya kaka inafunguliwa

Admin nifiche vizuri, watu wa kanisa letu wamejaa kwa hii page. Mimi ni dada wa miaka 29, nauza mitumba soko la Kabati. Kaka yangu, yule alinisomesha baada ya Baba kufariki, yuko hospitali wiki ya pili na nimonia. Mapafu imechoka kabisa. Wamemvalisha helmeti ya plastiki, unaona uso wote, imebana shingoni na kushikwa na mikanda chini ya makwapa, na mashine inasukuma oksijeni ndani. Sista, yule nesi wa wodi, aliniambia, "Hii ikimsaidia, hatutamwekea paipu kwa koo. Lakini isifunguliwe bila sisi. Hata dakika mbili ni hatari."

Mimi na mdomo wangu! Siku ya nne ya helmeti Mama akaniuliza polepole, "Na hiyo kitu hufunguliwa aje?" Nikajifanya mjuaji. Nikamwonyesha mikanda, nikamwonyesha ile pete inabana shingo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Kumbe alikuwa na mpango. Baba alifia wodini bila pasta kumwekea mikono ya maombi, na Mama husema hiyo ndiyo ilimmaliza. Sasa anataka kaka apakwe mafuta ya upako kwa paji la uso, si kwa mkono, si juu ya plastiki. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, Mungu anasikia hata kupitia plastiki." Akaniangalia na macho sijawahi kuona. "Akienda kama baba yako, utaniambia nini?"

Jana nilipata mkanda mmoja umelegea, na alama ya kidole cha mafuta kwa helmeti. Kaka alikuwa amenikodolea macho, midomo inaenda, lakini hewa inavuma sana mle ndani, sikusikia kitu. Nilikaza mkanda, nikapangusa mafuta na leso. Sista akauliza mbona mashine ililia kengele ya hatari. Nikasema sijui. Ngai, Mungu wangu, nilimdanganya mtu anayemshikilia kaka yangu asife.

Nikisema ukweli, Mama atafungiwa mlango, na kaka akienda, ukoo wote utasema mimi ndiye nilimnyima maombi. Nikinyamaza, mnajua.

Niko kwa benchi nje ya wodi. Saa saba wanaruhusu watu kuingia. Mama amenipigia sasa hivi, wamefika getini na pasta, na amemdanganya pasta ati daktari amekubali helmeti ifunguliwe. Ameniomba kitu kimoja tu, nimpeleke sista kando nimpigishe stori dakika tano.

Sista ndiye huyu anakuja kunifungulia mlango. Nishaurini haraka, nimwambie nini?