Ushuru wa Simtanki

Mwalimu Sabiha hafundishi Historia akiwa ndani ya darasa, na mimi ninayefundisha Hisabati chumba cha jirani ndiye ninayeteswa na kelele zake. Akifundisha vita, ua mzima unapigana. Nilipomlalamikia, alinijibu kwamba hata Hisabati ikitolewa nje kidogo huenda ikapata wapenzi.

Kwao ni mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, kitukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi waliotua mizigo ya misafara hapa wakaona uvivu kuitwika tena. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Elieza, ni Mgogo wa Buigiri. Basi hao ni watani, na kila asubuhi hapa shuleni Nzuguni lazima wachokozane: Mkuu anamuuliza kama shingo haimuumi kwa mizigo, naye anauliza kama ng'ombe wamempa ruhusa ya kuja kazini.

Ila kazi ni kazi. Mitihani ya kidato cha nne ilipokaribia, Mkuu alitangaza kuwa Historia itafundishwa darasani, wanafunzi wakiwa wameketi, na Sabiha akikutwa nje tena atanyang'anywa kidato cha pili. Darasa hilo analipenda kama wanawe. Siku hiyo hata chai haikumshuka, na mimi niliyeomba utulivu miaka yote nikamwonea huruma.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ilipofika mada ya biashara ya misafara, nilichungulia dirishani nikaona nusu ya darasa wamejitwika mabegi, wakihema juani. Nusu nyingine walikuwa Wagogo, wamelizunguka simtanki la maji la shule. Mtemi wao alikuwa Jenifa, kajifunga kanga begani, na hakuna aliyegusa bomba bila kulipa ushuru wa kupita.

Mara Mkuu akatoka ofisini kakunja uso. Jua lilikuwa kali, akawa ameweka faili kichwani kujikinga. Nikajua kidato cha pili kimekwenda.

Jenifa akamzuia njia. Akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akasema, "Hapa ni Ugogo. Mpagazi hapiti bila ushuru."

Mkuu alifungua mdomo kufoka. Sabiha akamwahi. "Pole na mzigo, mtani. Leo zamu yako."

Mkuu akalishusha faili polepole, akalitazama. Mtani hanuni, akinuna, kashindwa, na habari ingefika Buigiri kabla yake. Akavua tai, akamkabidhi mtemi.

Jenifa akaipima kwa mkono, akasema nguo ni fupi.

Hapo ndipo Mkuu alipokasirika kweli, ila kwa jambo jingine. Alisema anaona aibu kuona Mgogo anapokea tai. Bibi yake alimsimulia kwamba watemi walidai doti nzima ya kitambaa, na msafara ukibisha, unalala na kiu. Akahamia upande wa simtanki kumfundisha Jenifa kudai. Kengele ililia, hakuna aliyeondoka, na kidato cha nne walikuwa wamejaa madirishani.

Jioni Sabiha alimfuata ofisini na tai mkononi, akauliza amkabidhi nani darasa lake.

"Ukinirudishia tai, nakuchukulia darasa," Mkuu alisema. "Chagua."

Sabiha alirudi akicheka huku machozi yanamtoka. Mkuu wetu anakuja kazini shingo wazi mpaka leo, na mimi nimeomba zamu ya simtanki kwa ajili ya kufundisha ujazo.