Anayewajibu Matapeli

Tangu taarifa za wateja wa kampuni iliyojenga jumba lao pale mtaa wa Mirpur ziibwe, kila mkazi alikuwa akipata barua pepe za kutia shaka zilizojidai kutoka kwa kampuni hiyo, na kila mmoja alizifuta. Bibi wa ghorofa ya sita ndiye ambaye hakuacha hata moja bila jibu. Alikuwa akikaa kwenye ngazi kupumzisha magoti, tambuu shavuni, akiandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja huku akinong'ona kila neno. Matapeli wakimwomba namba ya siri, huwaandikia: “Tengenezeni lifti kwanza.”

Jirani yake Rehnuma, aliyemwita Khala, yaani mama mdogo, kwa heshima, alimwonya. “Khala, hao ni wezi.”

“Najua, mwanangu. Ila kampuni yenyewe haijanijibu tangu mvua zilizopita. Hawa hunijibu kabla chai haijapoa.”

Asubuhi moja alimwomba Rehnuma amsomee jibu jipya, maana miwani aliiacha juu. Mwizi alikuwa ameandika: “Khala, umenichosha na lifti yako. Nimewapigia kampuni mwenyewe. Hata mimi hawapokei.”

Bibi alicheka hadi akapaliwa na tambuu, kisha akaandika, polepole: “Pole, baba. Umekula?”