Sauti Iliyo Chini ya Gitaa

Kitabu cha maisha ya yule mwanamuziki nilikiagiza kwake mwenyewe, maana hana kampuni wala meneja. Nyimbo anarekodi chumbani kwake na kuziuza kwa mkono wake. Kilipofika stendi ya Tukuyu nilikifuata, nikafunika cherehani mchana kweupe nikaanza kusoma. Wateja na nguo zao wangesubiri.

Nilikuwa na sababu ya kumpenda. Tulipomzika baba kule Masukulu alikuja, akakaa siku tatu, akaota moto uani na sisi wanaume huku mvua ikitunyeshea. Hakuna aliyemuuliza wewe ni nani wa marehemu. Kwetu anayekuja msibani ni mfiwa, anapewa sahani yake basi. Nilivimba kichwa: mtu kama yule, kumlilia baba yangu mkulima wa chai!

Wimbo alioutoa baadaye niliupiga kila asubuhi nikikata vitambaa. Chini ya gitaa mna sauti ya mwanamke, nzito, inayokatikakatika. Nilidhani amekodi mwimbaji. Mama, ninayeishi naye, akiusikia alikuwa anachukua jembe anatokomea migombani. Nilimtania kwamba muziki umempita kando.

Sasa kitabuni, katikati, ameandika bila haya. Alisikia pana msiba akaja kutafuta sauti. Akaiweka simu, ikirekodi, kwenye dirisha la chumba walimokuwa wakilia akina mama. Anasema mjane mmoja alimpa wimbo wake. Alimpa! Mle ndani mjane alikuwa mmoja tu. Nilimchukia pale pale, kisha nikajichukia zaidi. Mtoto gani hatambui sauti ya mama yake?

Nilizunguka na kitabu kile siku mbili. Kumwambia mama niliogopa, na kumficha kungekuwa wizi wa pili. Mwishowe nikamfuata jikoni, akimenya ndizi, nikamsomea ukurasa wote.

Hakuacha kumenya. "Ameandika kwamba tulimlisha?" aliuliza.

Nikapekua mbele na nyuma. "Hapana, mama."

"Alikula sana yule," akasema. "Mpaka maharage ya akina shangazi yako."

Nikadhani hakuelewa, nikamwambia waziwazi kwamba sauti ile ya kwenye wimbo ni yake.

"Naijua, baba. Niliijua siku ile ile ya kwanza ulipowasha redio yako."

"Sasa mbona ukanyamaza miaka yote hii? Ningeutupa!"

Akadondosha ndizi kwenye sufuria ya maji, akajifuta utomvu mikononi.

"Wewe tangu tumzike baba yako ulikuwa huongei. Unashona tu, umeinama. Huo wimbo ndio ukakufanya uimbe. Nikasema basi, mimi nitakuwa naenda shamba."

Nilirudi kwenye cherehani. Flash ya nyimbo za yule mwanamuziki ilikuwa bado imechomekwa kwenye redio. Niliichomoa, nikakaa nayo mkononi, na jikoni mama akaniita nikale.