Nilijiita mpangaji, mzazi akalala sebuleni na kichanga chake

Admin, nakuomba unifichie jina, maana miongoni mwa wanaofuata ukurasa huu wamo niliowafundisha. Nina miaka sabini na moja, ni mgane, mwalimu mstaafu, ninaishi Morogoro mjini. Nitaeleza taratibu, mnivumilie. Ubao haujanitoka.

Mimi ni Mluguru wa Mgeta. Kwa wasiotufahamu, kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Nilipooa nilihamia kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu, nikajenga huko na kulima kabichi huko miaka yote ya ndoa yetu. Mke wangu alipofariki, kaka zake walikuja baada ya arobaini, wakakaa kwa adabu, wakaniambia, "Shemeji, sasa urudi kwa mama zako." Sikubishana. Nilifungasha nikaondoka, ila moyoni niliumia kuliko nilivyoonyesha.

Nikashuka mjini. Mama mmoja wa makamo, muuza mboga sokoni, nitamwita Mama Rehema, alinipokea ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe. Alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa Gairo. Kila mwezi nampa kiasi tulichoelewana, chumba na chakula kwa pamoja. Anapika, tunakula sahani moja. Anaingia chumbani kwangu kufagia wakati wowote, na ufunguo wa pili anao yeye. Nilipougua malaria alinikorogea uji kama baba yake mzazi.

Sasa sikilizeni tofauti, kwa sababu kosa langu limekaa hapo. Mpangaji ni mtu aliyekabidhiwa chumba au nyumba iwe chini yake kwa muda waliokubaliana. Mwenye nyumba hapaswi kuingia bila hodi, wala kumtoa bila notisi. Lakini mtu aliyepokewa ndani ya nyumba ya mwenzake, akapikiwa, akafagiliwa, akatumia sebule ya wenyewe, huyo amepewa ruhusa tu ya kukaa, hata kama analipa. Ruhusa ikifika mwisho anapewa nafasi ya kufungasha na kutafuta pengine, basi. Hayo nayajua vizuri. Nimeyafundisha darasani kwa mifano.

Jioni moja Mama Rehema aliniambia, "Mwalimu, shikamoo. Nina neno."

"Marahaba, mama. Sema."

"Rehema anakuja kujifungulia nyumbani. Ndiyo uzao wa kwanza. Mwezi ukiisha nakuomba unipishe kile chumba, nami nitakusaidia kutafuta kwingine."

Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Binti anazaa kwa mama yake, na mzazi anatakiwa chumba kilichofungwa, akandwe maji ya moto, asipigwe na upepo wala asionwe na kila apitaye. Nilipaswa kusema hongera. Badala yake nilisikia nafukuzwa kwa mara ya pili, nikajibu kwa sauti ya darasani, "Mama, mpangaji hatolewi hivyo. Kuna sheria."

Akacheka akidhani ninatania. "Mwalimu nawe! Mpangaji gani anakula ugali wangu na kuniambia chumvi imepungua?"

Alikuwa amelisema lote kwa mzaha. Nami, badala ya kunyamaza, nilivaa koti nikaenda kwa mjumbe wa mtaa.

Mjumbe ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alimwita Mama Rehema, akatuweka kwenye viti barazani kwake, akasema, "Mwalimu, ulinichapa sana wewe, lakini nimekusamehe. Haya, tueleze." Nikaeleza. Nikazungumza juu ya notisi na makubaliano, maneno yamenyooka, kila moja la kweli kwa mpangaji. Kuhusu sahani moja, ufagio na ufunguo wa pili sikutaja kitu, naye hakuuliza. Akamgeukia mama: "Mwalimu ndiye alinifundisha uraia. Akisema ni sheria, ni sheria. Mpe miezi mitatu."

Mama Rehema alinitazama, akangoja niongeze neno. Nikainama kama mtu anayetafuta kitu miguuni.

Rehema amekuja, amejifungua salama mtoto wa kike. Wanalala sebuleni kwenye godoro, nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba. Mama yake anamkanda pale pale, mlango wa kutokea barabarani uko mbele yao. Njia yangu ya kwenda msalani inapita hapo, kwa hiyo kila nikitaka kutoka nakohoa kwanza ili ajifunike. Mama Rehema bado ananiletea chai asubuhi, bado ananiamkia shikamoo, ila siku hizi haketi.

Jana mtoto alilia sana. Nilipotoka, Rehema akaniambia kutoka nyuma ya kanga, "Babu, utusamehe, tumekusumbua." Nikamjibu, "Bila samahani, mjukuu wangu." Nilirudi chumbani mwake nikaketi kitandani mwake.

Mpwa wangu kule Mgeta amenipigia akisema, "Mjomba, njoo, kwenu ni hapa." Ni kweli ni kwetu, lakini sijawahi kulima hata tuta moja pale, nguvu zangu zote ziliishia kwa ukoo wa mke. Naona haya kufika uzeeni nikanyooshe mkono tu. Hata hivyo hilo naweza kulimeza.

Nisiloweza kulimeza ni hili. Nikihama kesho kimya kimya, wataona nimewahurumia, nimeacha haki yangu kwa ajili ya mtoto. Mama Rehema atanifungia chakula cha njiani na mjumbe atanisifu mtaa mzima. Nikirudi barazani kwa mjumbe na kusema mbele ya mama kwamba haki ile sikuwa nayo, na kwamba nilijua, basi mwalimu amekwisha, na kila nililowahi kuwafundisha watoto wa watu litatiliwa shaka.

Nimeshafungasha. Nipande gari moja kwa moja, au nipitie kwa mjumbe kwanza? Nijibuni bila kunionea haya kwa sababu ya mvi.