Iafoni Tatu na Besi Moja

Unanijua mimi na vitu vidogo: napoteza chochote kisichofungwa kwa kamba. Ndiyo sababu mwezi uliopita, nikielekea nyumbani, nilisimama Kisii mjini kwenye kibanda cha simu nikaomba iafoni za waya. Kijana muuzaji alinitazama kama niliyeomba utambi wa koroboi. "Siste, hizo siku hizi ni za wazee," akasema, lakini akainama chini ya meza akatoa jozi tatu zenye vumbi. Nilizijaribu zote. Kwanza sikio la kulia, kisha la kushoto, halafu nikazigeuza, ya kulia nikaitia kushoto na ya kushoto kulia. Kijana akauliza kama mimi ni daktari. Sikuweza kumweleza pale, watu walikuwa wanangoja. Wewe nitakueleza, kwa sababu najua una chai mkononi na huna haraka.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi na nyanya mlimani, juu kidogo ya Kebirigo. Chai ilishuka kutoka mlangoni hadi mtoni, migomba ikasimama kando ya nyumba, na mvua ilikuja kila siku saa tisa kama iliyoajiriwa. Likizo zote nilichuna chai na nyanya hadi ncha za vidole zikawa nyeusi, sabuni isiziweze. Saa nne tulikunywa uji wa wimbi tukiwa tumesimama shambani. Jioni, tukishapima chai yetu kituoni, tulirudi kwa ugali na mboga ya chinsaga iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukakubali kuondoka. Sabato ikifika tulioga, tukajipaka mafuta, tukaenda kanisani kuimba.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la mabati, na kwaya yake ilikuwa na watu kumi na wanne. Nyanya aliongoza sauti ya pili. Mimi nilikuwa sauti ya pili pia, kwa sababu nyanya hakuniuliza. Besi tulikuwa na mmoja tu, jirani yetu, mzee mrefu mwenye kifua kama pipa. Akishuka noti ya chini, misumari ya paa iliitikia.

Sasa, nyanya na jirani walikuwa hawazungumzi. Mwaka wa pili huo. Njia ya miguu ilipita kati ya shamba lake na letu, naye alipita hapo kila asubuhi akienda sokoni. Siku moja nyanya, akiwa ndani ya chai, alimwamkia, "Bwakire!" kama sisi tunavyoamkiana asubuhi. Jirani akapita, uso mbele, kama gavana kwenye gwaride. Kesho yake nyanya akarudia. Akapita. Siku ya tatu alirudia kwa sauti ambayo mbwa wetu aliitikia, na jirani akapita vilevile. Siku ya nne nyanya akafunga mdomo. Jirani naye, alipoona haamkiwi tena na mama aliyezoea kumwamkia, akaudhika. Tangu hapo waliimba wimbo mmoja kila Sabato, kila mtu akiutazama ukuta wake.

Mwaka huo kanisa letu lilipewa nafasi ambayo halijawahi kupata: kuimba kwenye mkutano wa makambi ya Agosti, Sabato kuu, mbele ya makanisa yote ya upande ule. Baada yetu ingeimba kwaya kubwa ya mjini, yenye kinanda na sare za zambarau. Mwalimu wa kwaya alitutungia wimbo mpya, na kabla hatujaushika, akahamishwa kwenda kufundisha shule ya mbali. Wanawake walilia. Nyanya hakulia, alimuuliza tu, "Na wimbo wetu je?"

Mwalimu akapata akili. Alikwenda kwa rafiki yake mwenye kompyuta, akaimba sauti zote nne mwenyewe, akaziweka kwenye kadi ndogo za simu, kila mwanakwaya kadi ya sauti yake. Alipokuja kutuaga alisimama mbele akashika masikio yake mawili. "Sikio la kushoto ni lako, utasikia sauti yako peke yake. Sikio la kulia ni la kanisa, utasikia wote pamoja. Kwa hivyo kila mtu anunue iafoni. Nitarudi Ijumaa ya makambi."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana nusu ya kwaya haikuwa imewahi kutia kitu sikioni ila kidole.

Nyanya alinunua zake soko la Daraja Mbili siku tuliyopeleka ndizi, kutoka kwenye rundo lililokaa kati ya soksi na nyembe. Zilikuwa nyekundu, ngumu kama punje za maharagwe. Mwalimu alisikika kama mtu aliyeangukia ndani ya debe, akaamua kuimba huko huko. Zilimuumiza nyanya masikio mpaka akazizungushia pamba, na pamba ikafanya zianguke kila alipoinama kuchuna. Baada ya wiki moja akanipa mimi, tukaenda mjini kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na duka la saa na redio. Kiswahili cha mama yule kilikuwa laini, chetu kilikuwa kimetoka shambani.

"Mama, hii ingine ilikuwa inauma masikio," nyanya akasema. "Mimi nataka ile haiumi na inasikika."

"Keti kwanza, mama yangu. Cha sikio hakichaguliwi kwa rangi."

Alimkalisha kwenye stuli, akamjaribishia jozi baada ya jozi kwa subira ya fundi viatu. Ya nne ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote, ina sponji kwenye vichwa. Nyanya alifumba macho. Akaanza kuimba sauti ya pili pale dukani, kwa nguvu zote, asijue kwamba tunamsikia. Wateja wawili walitoka nje. Mama mwenye duka alingoja ubeti uishe ndipo akataja bei, nyanya akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada.

Jirani alipata zake Masimba, alipokwenda kumwona binti yake aliyeolewa huko. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, waya mnene kama kamba ya kiatu, na zilikuwa ghali kuliko zote. Tulijua bei kwa sababu aliitaja kila alipoulizwa saa. "Hizi zinapiga mpaka meno yanatikisika," alikuwa akisema.

Laiti ungesikia mlima ule mwezi wa Julai! Wanakwaya walikuwa kwenye mashamba yao, waya zikining'inia juu ya vikapu, kila mmoja akisikia kwaya nzima tamu ndani ya kichwa chake na akiimba kwa kelele kipande chake tu. Sauti ya tatu ilitoka ng'ambo ya mto, sauti ya kwanza kwenye migomba, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwanamume mmoja mgeni aliyekuja kununua ng'ombe alivua kofia, akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

Katikati ya kelele hizo nyanya aligundua jambo. Alitoa iafoni moja, akasikiliza upande wa jirani, akatoa na ya pili.

"Moiseke," akaniita, yaani msichana, alivyoniita siku zote, "yule anaimba nini?"

Nikasikiliza. Jirani alikuwa anaimba sauti ya kwanza, ile ya akina mama, kwa besi. Ilikuwa kama ng'ombe dume anayembembeleza mtoto.

Nyanya alikaa chini juu ya kikapu. Makambi yalikuwa yamebaki wiki mbili, na wimbo ule bila besi ulikuwa nyumba bila nguzo. Angemwambiaje, naye hamsemeshi? Akanituma mimi, ingawa jirani alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu.

"Mwambie jirani yako anaimba sauti ya wanawake."

Nikaenda, nikamwambia. Jirani akageuza kichwa upande, kama kawaida yake, tabia ambayo sote tuliiita maringo.

"Mwambie nyanya yako nilianza kuimba besi kabla yeye hajaolewa hapa."

Nikarudi, nikasema.

"Mwambie iafoni zake za Masimba zimekufa upande mmoja. Alilipia dhahabu akapewa waya."

Nikaenda tena. Hilo la dhahabu lilimchoma. Akatangaza kwamba jioni ile, kituoni, mbele ya watu, iafoni zote zitajaribiwa, na ukweli utajulikana.

Jioni kituo kilijaa. Watu walisahau hata kuangalia mizani. Tulipanga jozi tatu juu ya gunia: nyekundu, nyeusi na za dhahabu, tukazichomeka kwa zamu kwenye simu moja, ya jirani, na karani wa kituo, aliyekuwa mtu wa kanisa lingine na kwa hiyo hana upande, akawa mwamuzi. Alizitia nyekundu, akakunja uso, akasema hizi zifungiwe kuku mguuni ili asipotee. Alizitia nyeusi, mabega yakashuka, akasema ukivaa hizi unaweza kulala nazo. Kisha akazitia za dhahabu. Macho yakamtoka.

"Hizi ndizo," akasema. "Ni nzito, zinachosha sikio, lakini sauti hii ni kama mtu amesimama hapa."

"Upande wa kushoto je?" nyanya akauliza.

"Kushoto ndiko kuna besi. Safi kabisa."

Watu wakamtazama nyanya. Nyanya akazichukua, akatia mwenyewe, akanitia na mimi. Ilikuwa kweli. Pande zote mbili zilikuwa hai. Jirani alikuwa anatabasamu kwa ushindi, lakini tabasamu hilo lilianza kupungua taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Kwani," akauliza, "kushoto kuna kitu?"

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikujua kwamba kuna mambo ambayo watu hunyamazia, nilichukua ile iafoni ya kushoto nikamtia kwenye sikio la kulia. Aliposikia, mzee yule mrefu alishika ukingo wa mizani. Midomo yake ikaanza kufuata. Besi ikatoka, ya kweli, ya chini, ile iliyozoea kuamsha misumari.

Nyanya alizunguka nyuma yake kimya kimya, akasimama upande wake wa kushoto, karibu kabisa. Jirani akavua iafoni. Nyanya akasema kwa sauti ya kawaida, ingawa ilikuwa jioni, "Bwakire."

Jirani aliendelea kutazama mbele, kama gavana. Ndipo nilipokumbuka kwamba mtu akienda sokoni, chai yetu huwa mkono wake wa kushoto. Jioni akirudi, ikiwa kulia, sisi tulikuwa kituoni.

Nyanya akaja mbele yake. Alikuwa na uso ambao sikuujua. "Miaka miwili," akamwambia. "Miaka miwili nimekununia wewe, kumbe nilikuwa nanunia sikio."

"Ni nani amekwambia kuhusu sikio?" jirani akauliza kwa hasira. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni uchafu tu, utatoka."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, halafu jirani mwenyewe, hata karani akakosea kilo za mtu akalazimika kupima upya.

Kwa wiki mbili zilizobaki jirani alivaa iafoni moja, ya kushoto kulia, na nyanya akawa anachunia mpakani, upande unaosikia, akimkosoa. Alikuwa na malimbikizo ya miaka miwili ya kumkosoa. Nilitamani wanuniane tena walau siku moja nipumzike.

Ijumaa mwalimu akarudi. Sabato tukapanda jukwaani, watu wamejaa mpaka chini ya miti, kwaya ya zambarau imekaa mbele ikitungoja tushuke. Mwalimu akampanga jirani mahali pa besi, mwisho wa mstari upande wa kulia, ambako sisi wote tungekuwa kwenye sikio lake bovu. Akainua mikono. Nyanya akatoka kwenye mstari. Mbele ya wachungaji na umati wote alimshika jirani mkono, akamvuta kama mbuzi wa mahari hadi mwisho wa upande wa kushoto, akampangusa bega, akarudi mahali pake. "Endelea, mwalimu," akasema.

Tuliimba. Sitakudanganya kwamba tulikuwa malaika. Lakini besi iliingia mahali pake, na nilihisi mbao za jukwaa zikinguruma chini ya viatu vyangu. Tulipomaliza watu walisema amina nyingi hivi kwamba mchungaji akasimama akaomba tuimbe wimbo wa pili. Hatukuwa na wimbo wa pili. Mwalimu alitutazama, tukamtazama, tukaimba ule ule tena. Wale wa zambarau walipiga makofi, ingawa mmoja wao alikuwa anaangalia saa.

Siku hizi kanisa lile ni la matofali, na lina spika kubwa kuliko madhabahu. Sauti zinatumwa kwa simu, vijana wanajifunza wakiwa Nairobi, wanakuja kuimba na kuondoka. Mashamba mengine yameng'olewa chai yakapandwa maparachichi. Nilitembea mlimani asubuhi nzima, nikakutana na wachunaji wengi wenye vitu vyeupe masikioni. Hakuna aliyekuwa akiimba. Nadhani siku hizi watu wamejifunza aibu.

Jirani alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye mazishi kwaya iliitwa kuimba, na hapakuwa na besi, kwa maana besi ndiye tuliyekuwa tunamzika. Walianza hivyo hivyo, wimbo ukiyumba. Nyanya, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alivumilia ubeti mmoja. Kisha akaukaza uso, akavuta pumzi, akashuka chini kadiri koo la bibi kizee linavyoweza kushuka, akaimba besi. Aliimba vibaya mno. Wajukuu wa marehemu waliziba midomo wasicheke. Lakini hakukosea neno hata moja, wala mahali pa kuingia, wala mahali pa kungoja, na aliimba hivyo mpaka udongo ukaisha.