Nusu ya Mlango

Mwenye stoo wa hospitali yetu hapa Kajiado alikuwa anafungua mlango nusu tu. Ukiitisha kitu anakuziba na kifua, anagonga funguo kwenye paja, halafu anakwambia kwa sauti ya kanisani, "Ngoja hapo hapo." Watu walisema ni mchoyo. Mwaka ule wa kipindupindu mama mmoja, Phylis, alikuja mbio, mtoto amelegea mgongoni. "Mzee, nesi anasema hawezi kumwekea dripu. Si mmezificha humu?" Mzee akamwangalia, akasukuma mlango wote. "Ingia, mama. Jionee mwenyewe." Chupa za dripu zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye mabati. Ofisi mbili za Nairobi zilinunua chupa zile zile, na kila moja ilidhani nyingine ndiyo italeta mipira ya kupitisha maji. Hakuna aliyeleta. Mzee akavua kofia, akambeba mtoto, akakimbia naye kuelekea kliniki ya misheni. Mtoto alimfia mikononi kabla hawajafika. Tangu siku hiyo anafungua mlango wote, hata kama umeitisha pamba tu.